Dramu Zilipona Gizani

Milioni nne na laki sita, noti kubwa tupu, zimekazwa kwa mpira ndani ya bahasha ya kaki, ndizo alizokuwa amezishika kaka mkubwa wa marehemu leo asubuhi uani, jeneza likiwa bado halijafika, akimwambia mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hizi, "Chukua, zinatosha shughuli nzima na chenji itabaki, lakini ile sehemu ya kazi uiruke, soma kuzaliwa, soma ndoa, soma watoto, soma ugonjwa, basi, jua kali, watu wana mambo yao," na mdogo wake akamjibu kwamba mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na mitatu ukiiruka kazi yake umemzika mtu mwingine, kaka mkubwa akapandisha sauti, "Kazi hiyo nilimpa mimi!", na mdogo akapandisha ya kwake, maana katika familia hii hakuna aliyejaliwa sauti ya chini, "Ndiyo maana itasomwa!"

Hapo mabinti wawili wa marehemu walitoka ndani, na yule mkubwa, mshonaji wa sare, aliipokea bahasha kwa mikono miwili kwa adabu zote, akasema, "Asante mjomba, huu ni mshahara wa mama, na historia itasomwa yote, kama hutaki nikurudishie sasa hivi urudishe mfukoni," na kwa kuwa uani palikuwa pamejaa majirani na viti vinashushwa, mkono wa mjomba ulibaki hewani kama wa mtu anayeonyeshwa njia asiyoitaka, kisha ukashuka mtupu. Hayo yamewekwa mwanzo ili mtu asije akasema hakuonywa, na sasa tuanze panapoanzia watu wote.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 11 Februari 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, baba yake akiwa fundi bati na mama yake mshona mashati, na wale wanaoikumbuka nyumba ile watakumbuka kwamba ilinuka sabuni na bado haikuwa safi, kwa sababu bati lina masizi yake na baba alifanyia kazi sebuleni. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, mkunga akasema hafiki jioni, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza mbao, alishapima na kukata za kisanduku chake, ambazo baadaye alizigeuza stuli, na marehemu aliikalia stuli hiyo mpaka alipoolewa, akipenda kuwaambia wageni, "Karibu ukae juu ya jeneza langu."

Mwaka 1975, akiwa na miaka tisa, aliambiwa amshikie bati kaka yake aliyekuwa akijifunza kukata, mkasi ukateleza, ukamchana dole gumba la mkono wa kulia mpaka mfupa ukaonekana, na kaka mkubwa, kabla damu haijafika sakafuni, alikwisha sema, "Ametikisa bati yeye," baba akaamini, akampiga mtoto kwa mkono wake wa kushoto kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umeshika kitambaa cha kumfunga jeraha. Jeraha lilipona likiacha kovu lenye umbo la ndoana, na waombolezaji mnaombwa mlikumbuke kovu hilo, tutalirudia.

Kuhusu elimu, alianza shule ya msingi Januari 1973 na kumaliza Novemba 1979, akiwa wa nne katika darasa la watoto hamsini na sita, akachaguliwa kuendelea, lakini hela ya nyumba ile ilikuwa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo alikwisha patikana, alikuwa kidato cha tatu na viatu vya kung'aa, kwa hiyo marehemu akapewa sindano akae karibu na mama yake atoboe matundu ya vifungo. Hakulia. Alimwambia baba, "Sawa, lakini huyo msomi wako siku moja atanihitaji," na kwa maneno hayo alilala njaa, na maneno hayo yalikuwa ya kweli.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa katika duka la kunakili ramani za majengo, ambako karatasi zilikuwa za manjano zinazohisi mwanga, zikishamulikwa zinapitishwa kwenye mvuke wa dawa unaochoma pua, na wasichana wengi hawakumaliza wiki, yeye akamaliza miaka sita. Alijifunza pale kitu kimoja ambacho hakufundishwa na mtu, kwamba mwanga si kitu cha kuangalia tu, mwanga unafanya kazi, unakula, unaunguza, unaandika, na ukiuachia mlango hata wa ufa wa unywele utaingia uharibu siku nzima ya mshahara.

Mwaka 1989 kaka mkubwa, ambaye chuo cha ufundi kilikwisha mtoa akawa anauza mashine za fotokopi kwa wenye ofisi, alikuja nyumbani na wazo na bomba la alumini. Bomba lile, kwa ambao hawajawahi kufungua mashine, ndilo dramu, ndio moyo wa fotokopi na wa printa pia, limepakwa rangi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na rangi hiyo ina tabia moja ya ajabu, gizani inashika chaji ya umeme, ikimulikwa inaiachia, kwa hiyo ukiimulika kwa kivuli cha barua, palipo na herufi chaji inabaki na unga wa wino unanasa, palipo peupe chaji inakimbia na wino unakataa. Marehemu alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wanafunzi, alisema, "Rangi hii ni kama mume wangu, gizani anashika kila kitu, ukimulika tochi hana alichoshika." Dramu mpya zilikuwa ghali na zilitoka mbali, zilizochakaa zilitupwa, na wazo la kaka mkubwa lilikuwa kuziokota hizo zilizochakaa, kuzikwangua, kuzipaka upya na kuziuza nusu bei, wazo zuri, hatumnyimi, ila yeye mwenyewe hakuweza kupaka hata moja ikatoka bila madoa, mikono yake ilikuwa ya kuandika oda.

Aliyeweza alikuwa marehemu. Katika chumba cha nyuma cha karakana, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi mara tatu, taa moja tu nyekundu ukutani, aliitumbukiza dramu wima ndani ya pipa jembamba la rangi, gundi na thina, akaivuta juu polepole bila kupumua, kwa sababu mkono ukisita kuna mstari, na mkono ukiharakisha kuna mawimbi, kisha akaifuta ukingo wa chini ambako rangi hujikusanya, na pale kwenye ukingo, mahali ambapo karatasi haifiki kamwe, akaibana kwa dole lake gumba kuipeleka kwenye rafu ya kukaushia, na alama ya kovu la ndoana ikabaki ndani ya rangi. Kwa mwaka wa kwanza ilikuwa bahati mbaya, mwaka wa pili ikawa muhuri, na kufika mwaka wa kumi wateja walikuwa wanaingia dukani wanasema, "Nipe za Mama Dole, hizi zingine sitaki," mbele ya kaka mkubwa, ambaye jina lake na simu yake vilikuwa vimeandikwa ukutani kwa herufi za urefu wa mtoto.

Tukisema hapa kwamba marehemu alikuwa mpole tutamkasirisha, na hasira zake mnazijua. Aliwafundisha wasichana kumi na mmoja kazi ile na hakuna hata mmoja aliyefundishwa bila kulia, aliyekuja amepaka mafuta nywele aliwekwa chini ya bomba la uani akaoshwa kichwa kwa sabuni ya kufulia mbele ya wapita njia, kwa sababu mvuke wa mafuta unatia vijishimo kwenye rangi, na aliyepiga chafya ndani ya chumba alikatwa dramu hiyo kwenye posho. Mmoja aliyefungua mlango kabla ya kuruhusiwa, marehemu alimfungia humo humo gizani mpaka saa ya kwenda nyumbani, akisema, "Sasa utaijua thamani ya mlango." Wasichana hao wapo hapa leo, tunawashukuru, wamekuja wote kumi na mmoja, na kama baadhi wamekuja kuhakikisha, basi jeneza litafunguliwa kwa muda mfupi upande wa kichwa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990, na dereva wa lori la soda, wakajaliwa watoto wawili wa kike, wa kwanza mwaka 1991 na wa pili 1996, na ndoa hiyo iliendelea mpaka ilipokoma, kwa sababu itakayofahamika hivi punde. Bwana huyo naye yupo, amekaa kule nyuma karibu na geti, kama kawaida yake.

Sasa ile sehemu.

Mwaka 2004 fotokopi za zamani zilikuwa zinaisha na kila ofisi inanunua printa za laser, na printa hizo zinaandika kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo dramu zake zinataka rangi nyingine. Ile ya zamani ilikuwa nyekundu yenye kahawia, na rangi nyekundu haiuoni mwanga mwekundu, ndiyo maana taa ile ilikaa ukutani miaka kumi na mitano bila kudhuru kitu, lakini hii mpya ilikuwa ya kijani kibichi kama maji ya bwawa, na kazi yake nzima ilikuwa kuuona mwekundu. Mwuza rangi aliyeleta makopo alisimama mlangoni akamwambia marehemu kwa kinywa chake, "Mama, hii ubadilishe taa, weka ya kijani, nyekundu itaichosha," na marehemu akacheka mpaka akashika ukuta, akamwambia, "Wewe kijana umeanza kuona taa lini? Mimi na taa hii tumezeeka pamoja, nenda kauze." Hatufichi. Kosa lilikuwa lake, la kiburi chake, na alilitenda kwa sauti mbele ya mashahidi.

Ijumaa ya tarehe 17 Septemba 2004 alimaliza kupaka dramu mia mbili na thelathini za rangi ya kijani, za kwanza kabisa, akaziweka kwenye rafu zikauke, akaiacha taa nyekundu inawaka kama alivyoiacha kila Ijumaa ya maisha yake, akaenda nyumbani, na Jumatatu walipoiweka ya kwanza kwenye printa ya majaribio karatasi ilitoka kijivu kama maji ya kuoshea masufuria, ikiwa na mistari myeupe ya kukingama, na marehemu akaitazama karatasi ile akajua kabla ya mtu yeyote kuwa mistari ile ilikuwa vivuli vya fito za rafu, mahali pekee ambapo taa haikufika. Walijaribu kumi, zote vile vile. Aliketi chini.

Kaka mkubwa hakupiga kelele siku hiyo, na aliyemjua angeogopa zaidi. Aliwaita wafanyakazi wote uani, akamsimamisha dada yake katikati na glavu zake mkononi, akasema, "Mia mbili na thelathini, kila moja elfu ishirini, ni milioni nne na laki sita, itakatwa elfu hamsini kila mwezi mpaka iishe, na dole lako usilitie tena kwenye mali yangu, ukingo utafutwa kwa kitambaa kama wanavyofuta watu wengine, na hilo jina la Mama Dole nisilisikie hapa, kuanzia leo huyu ni Hasara, mmesikia? Muiteni." Akarudia, "Muiteni nisikie," na wakaita, mmoja mmoja, wasichana wake mwenyewe aliowaosha vichwa, na wengine, tuseme kweli, waliita kwa moyo mkunjufu. Kisha akaamuru dramu zote zifungwe karatasi nyeusi, zitiwe maboksini, zifungiwe stoo ya nyuma, zisionekane machoni mpaka zipatiwe pa kutupwa.

Jina hilo lilitoka getini likaenda mtaani, likaingia dukani, likaingia shuleni, ambako mabinti zake waliitwa watoto wa Hasara, na Machi 2005 mume wake alikunja mashati yake, akasema, "Mimi nilioa mke, sikuoa deni," akaondoka na lori, na mwaka 2006 binti mkubwa akatolewa kidato cha pili kwa sababu ile elfu hamsini ya kila mwezi ilikuwa ndiyo ada yake, akakalishwa kwenye cherehani ya bibi yake kutoboa matundu ya vifungo. Marehemu aliyekuwa akicheka na kutukana na kuimba ndani ya chumba cha giza aliacha vyote vitatu, alifanya kazi kama mtu aliyekodishwa mwili, aliambiwa ndiyo akasema ndiyo, akaomba feni ya kutoa mvuke wa thina akaambiwa feni inaleta vumbi na vumbi linatia madoa, jambo ambalo ni kweli, akasema sawa, akaendelea kuvuta mvuke ule miaka mingine kumi na saba. Deni lilikatwa kuanzia Oktoba 2004 hadi Mei 2012, mwezi wa mwisho kaka mkubwa akampa soda, akamwambia, "Umelipa, Hasara," na jina halikuondolewa.

Ugonjwa ulianza kama kikohozi mwaka 2019, ukawa kubanwa kifua, na Agosti 2022 aliacha kazi kwa sababu hakuweza tena kuzuia pumzi muda wa kuivuta dramu moja, na hakuna mfuko wa uzeeni uliopatikana, kwani kwenye karatasi za karakana alikuwa ameandikwa kibarua. Alilala nyumbani kwa binti mkubwa, chumba cha mbele, pazia wazi, hakutaka tena giza.

Machi 2023 mdogo wake wa mwisho, ambaye anaishi kwa kukarabati printa za watu na hakwenda chuo chochote, aliitwa kwenye ofisi moja ya vibali, printa yao ya zamani inatoa weusi, na dramu za aina ile haziuzwi tena, ila mtunza stoo, mzee mwenye ufunguo shingoni, alisema, "Ngoja, tunayo moja imebaki, tulinunua kumi kwa kaka yako, mwisho wa mwaka ule alioanza kuuza za kijani, hazijawahi kutusumbua hata siku moja, kaka yako alikuwa na mkono." Akaileta katika boksi lake, imefungwa karatasi nyeusi. Mdogo alipoifungua chini ya meza ili isipigwe na dirisha, aliona rangi ya kijani, na kwenye ukingo, ndani ya rangi, dole gumba lenye ndoana.

Fikirini pamoja naye, kama alivyofikiri yeye akiwa amepiga magoti chini ya meza ya watu. Dramu ya kijani yenye dole iliwahi kutengenezwa mara moja tu duniani, maana kabla ya Ijumaa ile hapakuwa na kijani, na baada ya Jumatatu ile hapakuwa na dole. Aliitia kwenye printa, akabonyeza, karatasi ikatoka nyeupe kama kitambaa cha ubatizo, herufi nyeusi zimekatwa kwa wembe, hakuna ukungu, hakuna mstari. Aliwapa ofisi dramu ya kwake kutoka mashine nyingine, akaibeba ile nyumbani pamoja na karatasi yake.

Marehemu aliigusa ukingo kwa dole lake, kovu kwa kovu, kisha akasema, "Zilipona." Akaeleza, pumzi kidogo kidogo, kwamba rangi iliyochoshwa na mwanga haijafa, imechoka, ukiifunga gizani na kuiacha, chaji inarudi, wiki mbili, tatu, inaamka kama mtu aliyelala homa, na kwamba yeye alijua hivyo kwa dramu moja moja ya zamani, lakini zile mia mbili na thelathini hakuthubutu hata kuziulizia, kwa aibu. "Yeye ndiye aliyezifungia," alisema, "kaziweka mahali pa kuponea kwa mkono wake." Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu 2004, na kicheko kikageuka kikohozi cha robo saa.

Kaka mkubwa alikuja kumwona hospitalini tarehe 28 Mei, na maembe kwenye mfuko wa plastiki, na binti mkubwa na mdogo wa mwisho walikuwepo wote wawili, kwa hiyo maneno haya hayakuokotwa barabarani. Marehemu aliitoa dramu chini ya shuka, akamwonyesha ukingo. Kaka mkubwa aliitazama, akayaweka maembe chini, akasema bila hata kusafisha koo, "Sikukusudia. Nilikwenda kuzitupa mwezi uliofuata, nikajaribu moja kwa udadisi, ikatoka safi." Marehemu akamwuliza, "Ukauza zote?" Akasema, "Zote, biashara ni biashara." Akamwuliza, "Na deni ukaendelea kukata?" Akainama kuyapanga maembe mfukoni. Akamwuliza tena, "Kaka, kwa nini hukuniambia tu? Hela ungekata, basi, ungekata, lakini uniambie zimepona." Na kaka mkubwa alijibu hivi, na msomaji anasoma polepole ili kila mtu apate fungu lake, "Kwa sababu tangu siku ile ulikuwa na adabu."

Marehemu akasema, "Nipe embe." Akalila lote, juisi ikimtiririka mpaka kiwiko, akimtazama kaka yake usoni, akamaliza, akamwekea kokwa kiganjani, akasema, "Nenda." Kisha akamgeukia mdogo wake akamwagiza mambo mawili, historia yake isomwe yote na msomi huyo awekwe kiti cha mbele, na dramu ile izikwe naye, imefungwa karatasi yake nyeusi, kule chini giza ni la bure.

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya kifua, kitanda cha dirishani, binti zake wote wawili wakiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, ambao walimvumilia akiwafundisha kazi yao, inawashukuru majirani kwa viti, maji na moto wa jikoni, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana waliokuja ingawa waliambiwa leo ni siku ya kazi, inamshukuru yule mtunza stoo aliyehifadhi boksi lake miaka kumi na minane bila kulifungua, na yule mwuza rangi, ambaye sasa ana mvi na amesimama kando ya ukuta, marehemu aliacha ujumbe wake, "Mwambieni ile taa alisema kweli."

Dada, umepumua vya kutosha hewa ya watu wengine, lala, hakuna atakayefungua mlango.

Na wewe kaka mkubwa, kiti cha mbele, hela yako imepokelewa na mwenye hela, hatudaiani hela. Karatasi iliyotoka safi imebandikwa pale chini ya picha, kila mtu ameiona. Dramu ipo juu ya meza, usiifungue, kuna jua. Uliwasimamisha watu uani ukawaambia wamwite Hasara usikie, watu ni hawa hawa, wengi wao wapo. Wachimbaji wana subira na kamba za kushushia jeneza hazijashikwa, na hazitashikwa mpaka useme. Simama, umwite Mama Dole, na useme dramu zilikuwa nzima, na ulijua. Simama useme, tusikie.